Somo la Maradhi ya Sukari kwa Watu Wazima, Pamoja na Khabari za Musoma, Bunda na Butiama

Somo hili ni la siha ya watu wazima, khasa wale waliokwisha kutimiza miaka 60 na kupita. Na maradhi yatakayoelezwa humu ni maradhi ya sukari, ambayo hospitalini huitwa kisukari.

Katika baraza za miji ya pwani husikiwa maneno matatu juu ya maradhi haya. La kwanza, kwamba ni maradhi ya matajiri, wala hayamwoni mkulima na mvuvi. La pili, kwamba yatokana na sukari ya chai peke yake, basi anywaye chai kavu amekwisha salimika. La tatu, nalo ndilo baya kupita yote, kwamba mwanamume akikiri kuwa anayo amejivunjia heshima ya uume wake. Kwa hiyo huyaficha, hata kwa mkewe. Maneno yote matatu yana makosa. Na kosa la lile la kwanza ladhihirika vema mtu akiyaacha majumba ya pwani, akatazama nchi ya bara isiyosifika kwa utajiri, nayo ni Mkoa wa Mara ulio kando ya Ziwa la Victoria.

Musoma ni mji uliokaa mwambaoni mwa ziwa hilo. Bunda iko kusini yake, katika njia kuu iendayo Mwanza; na Butiama iko bara kidogo, katika nchi ya Wazanaki. Watu wa pwani si wageni huko, kwani biashara imewapeleka, na wapo waliozeeka huko. Chakula cha asili cha nchi ile ni ugali wa mtama, wa ulezi na wa muhogo, kwa dagaa au sato wa ziwani, na mboga za majani kama mgagani na kunde, na maziwa ya mgando. Mzee wa zamani alikwenda shambani kwa miguu, akalima kwa jembe la mkono, akarudi kwa miguu. Na mvuvi alipiga makasia. Siku hizi unga mweupe wa mahindi uliokobolewa wauzwa kila duka, soda yapatikana hata kijijini, mafuta ya kukaangia hayahesabiwi tena kuwa anasa, na mtu aitwaye sokoni humwita kijana wa pikipiki kwa mwendo ambao babake aliuona kuwa si safari.

Zipo hesabu zinazofaa kutazamwa. Mwaka 1989 lilichapishwa Uingereza, katika gazeti la matabibu liitwalo Lancet, khabari ya upimaji ulioongozwa na tabibu Donald McLarty wa Dar es Salaam. Walipimwa watu 6,299 wa miaka 15 na zaidi katika vijiji sita vya mashamba vya Tanzania, na waliopatikana na kisukari hawakufika hata mmoja katika kila mia. Kisha mwaka 2012 ukafanywa upimaji wa nchi nzima kwa watu wa miaka 25 hata 64, na waliokutwa sukari ya damu imepanda walikuwa kama tisa katika kila mia. Insafu yataka isemwe kwamba vipimo hivi viwili si vya namna moja: cha kwanza ni cha mashamba tu na vijana wengi wamo, cha pili ni cha miji na mashamba pamoja. Walakini hata ukipunguza kwa sababu hiyo, tofauti yabaki kubwa, wala damu ya watu haibadiliki kwa miaka ishirini na mitatu. Kilichobadilika ni chungu na miguu.

Sasa yafaa kujua maradhi yenyewe ni nini. Kila chakula cha wanga, kiwe wali, ugali, muhogo, ndizi au mkate, kikifika tumboni hugeuka kuwa sukari, na sukari hiyo huingia katika damu. Ndani ya mwili, nyuma ya tumbo la chakula, kipo kiungo kiitwacho kongosho, nacho hutoa maji yaitwayo insulini, ambayo ni kama ufunguo: huifungulia sukari milango ya nyama za mwili ili itumike kuwa nguvu. Kwa mtu mzima mara nyingi insulini ipo, lakini milango imekuwa migumu, kwa unene wa tumbo na kwa kukaa kitako. Na kongosho likijitahidi miaka mingi huchoka. Hapo sukari hubaki katika damu na kupita katika mkojo. Matabibu wa kale waliyajua maradhi haya, na Ibn Sina aliyataja katika kitabu chake Al-Qanun. Lakini dawa ya insulini haikutiwa mwilini mwa binadamu hata Januari 1922, huko Toronto katika Kanada. Na miezi mitatu baadaye, Aprili 1922, alizaliwa Butiama Julius Nyerere, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Tanganyika. Kabla ya mwaka ule, kijana aliyepatwa na kisukari kikali hakuwa na tamaa ya kuishi.

Dalili zake ni kiu isiyokatika, kukojoa mara nyingi usiku, kukonda bila sababu, macho kuingia ukungu, jeraha kukawia kupona, na sisimizi kukusanyika mahali pa mkojo. Lakini mzee huweza kuwa na maradhi miaka mingi bila dalili hata moja, akadhani uchovu wake ni wa uzee. Kwa hiyo hukumu yake haipatikani kwa kukisia, bali kwa kupimwa damu kabla ya kula asubuhi. Ikionekana imefika milimoli 7 kwa lita au zaidi, na kipimo kikarudiwa kikawa vile vile, basi maradhi yapo. Na kuhusu ile aibu ya wanaume, ni kweli kwamba kisukari huweza kupunguza nguvu za mume, kwani huharibu mishipa ya damu na ya fahamu. Basi kinachoziondoa ni sukari iliyoachwa bila kutibiwa, wala si kusema kweli mbele ya tabibu.

Ama chakula, wapo wasemao kwamba mgonjwa ale ugali wa muhogo au wa mtama apendavyo, maadamu ameacha wali. Hili si sawa. Muhogo ni wanga mtupu, na tonge zake kubwa hupandisha sukari kama wali. Mtama na ulezi usiokobolewa una makapi yanayokawiza sukari kuingia katika damu, nao ni bora, lakini nao una kipimo. Njia nyepesi ni kuitazama sahani: nusu yake iwe mboga, robo iwe ugali au wali, na robo iwe samaki, kunde au maharagwe. Mzee wa Musoma mwenye dagaa, mgagani na ugali kiasi cha ngumi yake amekwisha pata chakula ambacho tabibu yeyote angemwandikia, na bei yake ni ndogo kuliko chipsi za njiani. Mzee wa pwani ana kazi zaidi, kwani wali wake una nazi, chai yake ya asubuhi ina mahamri, na alasiri yake ina halua. Kahawa chungu haina ubaya. Ubaya ni kile kinachofuatana nayo.

Asali nayo yahitaji neno. Waislamu wajua kuwa asali imetajwa katika Qurani kuwa ndani yake mna ponya kwa watu, na hapana Muislamu alipingaye hilo. Walakini dawa yoyote ina mgonjwa wake na kipimo chake, na asali kwa mwenye kisukari hupandisha sukari ya damu. Basi asidanganyike kuinywa kwa vikombe. Tende ni hivyo hivyo. Wala mzee asijitese kwa njaa. Mtu mzima hupungukiwa na nyama ya mwili mwaka baada ya mwaka, na nyama hiyo ndiyo itumiayo sukari. Akiacha samaki, mayai na kunde kwa hofu, atadhoofika, ataanguka, na atavunjika nyonga. Mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie, juu ya kuligawa tumbo mafungu matatu, la chakula, la kinywaji na la pumzi, yalikuwapo kabla ya vipimo vyote hivi, na wengi huyasimulia wakiwa mbele ya sinia la pilau.

Mwendo ni nusu ya dawa. Nyama ya mguu inayotembea huvuta sukari kutoka katika damu hata insulini ikiwa dhaifu, na faida hiyo huendelea saa nyingi baada ya mtu kuketi. Kiasi kinachosemwa na matabibu ni dakika 150 kwa juma, yaani nusu saa kwa siku tano, kwa mwendo ambao mtu aweza kusema lakini hawezi kuimba. Oktoba 1967 Nyerere, naye ana miaka 45 na ni rais, alikwenda kwa miguu kutoka Butiama hata Mwanza, kuunga mkono Azimio la Arusha. Alikwenda kwa siasa, si kwa maradhi. Lakini watu waliofuatana naye katika njia ile hawakuona ajabu ya mtu kutembea, bali ajabu ya rais kutembea. Leo katika njia ile ile ya Bunda, mtembeaji ndiye aulizwaye kama ameishiwa na nauli.

Mzee asiyeweza safari na aanze na kidogo. Ainuke kitini bila kushika mkono, mara kumi, asubuhi na jioni. Asimame kwa mguu mmoja akiwa karibu na ukuta. Aende msikitini kwa miguu ikiwa msikiti si mbali, wala asipelekwe na pikipiki. Wako wasemao kuwa sala yatosha kuwa mazoezi. Sala ni ibada, wala haikufaradhiwa kwa ajili ya misuli. Rukuu na sijida hulainisha viungo, lakini haziwi badala ya nusu saa ya mwendo.

Jambo lenye khatari zaidi kwa Muislamu mgonjwa ni saumu. Kila Ramadhani wapo wazee waliokatazwa na tabibu wasifunge, wakafunga kwa kuona haya mbele ya wajukuu, kisha wakaokotwa alasiri hawana fahamu. Mgonjwa amekwisha pewa ruhusa katika Sura ya Al-Baqara. Na ambaye maradhi yake hayatazamiwi kuondoka, wanavyuoni wameeleza fidya yake, kulisha maskini kwa kila siku. Si kila mwenye kisukari asiyefunga: atumiaye metformini peke yake, na sukari yake imetulia, mara nyingi huweza. Lakini atumiaye insulini, au vidonge vya glibenklamidi, yu katika khatari ya sukari kushuka mno, naye mzee ndiye khasa. Basi amwendee tabibu majuma sita au manane kabla ya mwezi kuandama, dawa zipangwe upya, au aambiwe asifunge. Na aliyefunga ajue mipaka: sukari ikishuka chini ya milimoli 3.9, au ikapanda juu ya 16.6, na afuturu papo hapo, hata ikiwa imebaki nusu saa kwa magharibi. Akitokwa jasho, akitetemeka, au akianza kusema maneno yasiyoeleweka, apewe maji ya sukari kwanza, masuala yaje baadaye. Kujichoma kidole kwa kupima hakufunguzi saumu kwa kauli ya wanavyuoni wengi wa zama hizi. Basi hofu hiyo isiwe udhuru wa kutopima.

Khasara nyingine huja kwa miguu. Kisukari kikikaa huua hisia za nyayo, hata mtu akanyage kaa la moto asijue. Mwaka 2005 tabibu Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenziwe walichapisha khabari za wagonjwa wa kisukari waliotafunwa nyayo na panya usiku wamelala, wasizinduke. Mwenye akili haitaji mfano zaidi. Jeraha kama hilo likiachwa, au likitiwa majani na mavumbi, huoza, na mwisho wake ni msumeno wa hospitali. Wala asiache vidonge kwa sababu amepewa mizizi na mtu wa sokoni. Dawa ya kienyeji aiseme kwa tabibu, na aulize.

Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 yamhesabu kuwa mzee kila aliyefika miaka 60, na katika hospitali za serikali lipo dirisha la wazee. Mwenye haki hiyo na aitumie. Na nyumbani kila jioni aoshe miguu, aikaushe baina ya vidole, avae viatu visivyobana, na akitia udhu apime maji kwa kiwiko kabla ya kutia mguu, kwani mguu wake haujui tena moto wala baridi. Uani mwa msikiti penye jua la adhuhuri asitembee pekupeku. Kisha azitazame nyayo kwa kioo. Na ikiwa macho yake hayaoni tena, mjukuu ndiye amtazamie.