Chupa au kichupa? Angalia unavyoandika tangazo

Wadau, leo neno moja tu: kichupa. Ni chupa ndogo, kama ile ya dawa ya macho. Sisi wa marashi na mafuta ya habat soda tunaishi nalo.

Ukiandika "chupa 5,000", mteja anawaza saizi ya soda. Andika "kichupa cha mililita 10", yaani vijiko viwili vya chai. Hapo hamtagombana mzigo ukifika.

Ila ugomvi mkubwa uko kwenye "kichupa cha dawa". Hicho kinaweza kuwa na dawa, kinaweza kuwa kitupu! Mimi nauza vitupu, vya kahawia vinavyopunguza mwanga. Juzi dada mmoja alitaka kulipia akijua ndani kuna dawa ya kikohozi ya mwanae. Angesubiri mzigo siku mbili, mtoto anaumwa. Kwa hiyo kama kina kitu, andika "chenye". Kama hakina, "kitupu", hata kama picha inaonyesha.

Kisarufi ni kichupa hiki, vichupa hivi. "Kichupa hii" inaeleweka, ila tangazo linaonekana la kukurupuka.

Na usiandike "kichupa kipya" peke yake. Hapa Bongo watu watajua umetoa video ya muziki 😂