Mwenye Matende na Kazi ya Mikono Yake

Someni kwanza Luka 14, mstari wa 1 hadi wa 6, na Mathayo 20, mstari wa 1 hadi wa 16.



Katika sura ile ya Luka twamkuta mtu mwenye safura, mwili umemvimba, yuko mbele ya Bwana wetu katika nyumba ya mkubwa mmoja wa Mafarisayo. Waliokuwapo wanamvizia Yesu, waone kama ataponya siku ya Sabato. Yule mgonjwa kwao ni mtego tu. Bwana anamponya, kisha anamwacha aende zake. Neno hili la mwisho sisi hulipita upesi. Aende wapi? Bila shaka alikwenda kwake, na Sabato ilipokwisha alikuwa na kazi ya kufanya kama watu wengine.

Hatusemi kwamba safura ile ilikuwa matende. Hayo ni maradhi mawili mbalimbali. Lakini sisi wa pwani hii, tangu Kilwa Kivinje mpaka Lindi, hatuwezi kusoma habari ya mtu aliyevimba tusimkumbuke jirani. Yuko mvuvi aliyeacha bahari, yuko mama aliyeacha shamba la mwani, yuko kijana mwenye busha asemaye mgongo wamwuma ili asiitwe kupakia magunia ya ufuta. Nasi tumezoea kusema, "Huyu hawezi kazi tena." Somo letu leo ni kuuliza kama neno hilo ni kweli.

Kwanza tujue asili ya ugonjwa. Matende na busha huletwa na minyoo myembamba kama uzi, ambayo mbu hutuachia anapotuuma. Minyoo hiyo hukaa miaka mingi katika mishipa ipitishayo maji ya mwili, si mishipa ya damu. Mishipa ikiharibika, maji hukwama na mguu ukavimba. Watoto wa minyoo hutembea katika damu zaidi usiku, ndiyo sababu wapimaji wamezoea kuja usiku, jambo lililowatia hofu watu wengi. Basi si madafu, si kukanyaga uchawi njia panda, wala si laana ya wazee. Tena matende hayaambukizi kwa kukaa benchi moja, wala kwa kushikana mikono ya amani, wala kwa kunywea kikombe kimoja cha Komunyo. Twasema haya wazi kwa sababu tumewaona watu wakisogea.

Mpango wa taifa wa kumeza dawa mara moja kwa mwaka ulianza kisiwani Mafia mwaka 2000, ukaenea mikoa mingine. Dawa ni mbili, aivamektini na albendazo, nazo hutolewa bure. Huwaua watoto wa minyoo, hata mbu asipate cha kumpelekea mtu mwingine. Lakini hazirudishi mguu uliokwisha kuvimba, na hapo wengi hukata tamaa. Busha ni habari nyingine: hutibiwa kwa upasuaji, na mtu akarudi kazini kwa agizo la daktari. Anayeficha busha miaka kumi kwa aibu amejinyima miaka kumi ya kazi.

Sasa tuje kwenye mguu. Tukichunguza vizuri, kinachomwondoa mtu kazini mara nyingi si uzito wa mguu, ni homa. Ghafla mguu unakuwa mwekundu na wa moto, mitoki inauma, mwili unatetemeka, na mtu analala siku kadhaa. Mwajiri anaona mtu asiyetegemeka. Mvuvi mwenzake anatafuta mwingine. Tena kila homa huongeza uvimbe. Nayo homa hiyo hutoka kwa vijidudu vinavyoingia katika nyufa za ngozi, hasa katikati ya vidole.

Dawa ya jambo hili ni ndogo hata watu huidharau. Ni kuosha mguu kila siku kwa sabuni na maji safi, taratibu, bila kusugua kwa nguvu. Kukausha vizuri mpaka katikati ya vidole. Kupaka dawa penye kidonda au ufa. Kuuinua mguu wakati wa kukaa na kulala. Kuchezesha kifundo mara kwa mara. Na kuvaa viatu vipana visivyobana. Siku ya homa usichue wala usifanye mazoezi: pumzika, weka kitambaa cha maji baridi, nenda zahanati. Anayefanya hivi kwa bidii huona homa zinapungua, na siku za kazi zinarudi.

Kazi nayo ipangwe kwa akili. Katika mwani, mwenye matende akiingia majini, mawe na makombe humkata, na kila mkato ni mlango wa homa. Lakini kufunga mbegu kwenye kamba hufanywa nchi kavu kivulini, na kuanika vilevile. Penye mashamba ya chumvi asisimame katika maji makali; afunge mifuko, aandike hesabu. Mvuvi aliyeacha bahari anajua kushona nyavu kuliko kijana yeyote, na mguu waweza kulazwa juu ya gogo huku mikono ikifanya kazi. Mwalimu na karani wahitaji kiti, na kisanduku cha kuwekea mguu chini ya meza. Ulinzi wa usiku watu huuona kazi nyepesi. Sisi hatuusifu sana, maana ni kusimama, tena na mbu.

Walioajiriwa wajue haki yao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ulemavu. Inampa mgonjwa likizo ya siku 126 katika miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, akiwa na cheti cha daktari. Na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye watu 20 au zaidi awe na walau asilimia 3 wenye ulemavu. Tunamfahamu mtu aliyeambiwa na msimamizi wake kwamba mguu wake unafukuza wateja. Akaondoka kimya, kwa kuwa hakujua lolote katika haya.

Turudi kwa Mathayo. Saa kumi na moja mwenye shamba anawakuta watu wamesimama sokoni, anawauliza sababu. Wanajibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Hawakuwa wavivu. Naye hakuwapa sadaka pale pale waendelee kusimama, bali aliwapeleka shambani, na jioni akawalipa ujira. Hapa somo linatugusa sisi wenyewe.

Katika mtaa wetu yuko mama mmoja aliyekaa karibu na mlango wa kanisa miaka mingi, atangulie kutoka kabla watu hawajamtazama. Kila Krismasi tulimpelekea khanga na sukari, tukajiona tumetenda vema. Siku moja katekista alimwuliza, "Mama, zamani ulikuwa ukifanya kazi gani?" Akajibu, "Fundi cherehani, mwanangu." Hakuna hata mmoja wetu aliyejua. Kanzu za kwaya tulikuwa tukizipeleka kushonwa mjini.

Akina mama walimtafutia beseni na sabuni, cherehani yake ikatiwa mafuta na mkanda mpya. Ile ya kukanyaga haikumdhuru. Kifundo chapata mazoezi, naye kila baada ya muda huinuka, akaweka mguu juu ya kiti cha pili. Kanzu za kwaya za Pasaka iliyopita ameshona yeye, kwa bei ile ile ya mjini. Hapunguzi, hata kwa Padre.