JINA MOJA, VIMBUNGA VIWILI

Mwezi Aprili 2019 redio zilitangaza habari za kimbunga Kenneth. Wananchi wa Mtwara na Lindi walitahadharishwa. Tarehe 25 kimbunga hicho kiliipiga nchi ya Msumbiji, kaskazini ya mji wa Pemba. Watu zaidi ya 40 walikufa huko.

Lakini mwaka 2017 palikuwa na kimbunga kingine kilichoitwa Kenneth, mbali katika Bahari ya Pasifiki, upande wa Meksiko. Je, kilizunguka dunia miaka miwili mpaka kikatufikia? Hapana! Kimbunga huishi siku au wiki chache tu, kisha hufa. Hivi ni viwili mbalimbali.

Basi jina limelinganaje? Kila upande wa bahari una kamati yake ya kupanga majina. Upande wetu wa Bahari ya Hindi, Tanzania ni mmoja wa wanachama. Pasifiki ya Mashariki wana orodha 6, na kila mwaka hutumia moja. Kwa hiyo orodha ile ile hurudi baada ya miaka 6. Tupige hesabu: Kenneth wa 2011, ongeza 6, ni 2017. Ongeza 6 tena, ni 2023. Na kweli alirudi.

Tunajifunza nini? Jina peke yake halitoshi. Hata Pemba ziko mbili: mji wa Msumbiji na kisiwa cha Zanzibar. Anayesikia nusu ya habari ataogopa bure, au atakaa bure hatari ikija.

Na sisi wa Ziwa Victoria je? Vimbunga vya namna hii havizaliwi ziwani. Vinataka bahari pana yenye maji ya joto, tena mbali kidogo na Ikweta. Dhoruba zetu za usiku hazipewi majina, lakini zinaua. Mvuvi wa Kirumba au Ukerewe asingoje jina. Kabla ya kusukuma mtumbwi asikilize utabiri mpaka mwisho: ni wapi, siku gani, saa ngapi, upepo kiasi gani. Akiambiwa asitoke, asitoke. Dagaa watakuwepo kesho.

Maswali ya kujadiliana:
1. Orodha yenye jina la Kenneth itarudi Pasifiki mwaka gani baada ya 2023?
2. Hapo mwaloni kwenu, nani huwapasha wavuvi habari za hali ya hewa?