Kisukari: Ukipunguza Ugali, Dawa Nazo Zipimwe Upya

Wakazi wengi wenye kisukari cha aina ya pili hushauriwa kupunguza vyakula vya wanga. Ushauri huo una msingi. Wanga ukishasagwa tumboni hugeuka sukari na kuingia kwenye damu. Ukila kiasi kidogo, sukari haipandi sana, na uzani pia huweza kushuka. Kwa mtu mnene wa kilo 90, kupunguza hata kilo 5 huisaidia insulini ya mwili kufanya kazi vizuri zaidi.

Wanga uko wapi?

Uko kwenye ugali, chapati, wali, mkate, viazi, uji na mandazi. Wapo wanaoamini kuwa ugali wa wimbi au mtama hauna neno hata ukila sahani nzima. Sivyo. Takriban robo tatu ya uzani wa unga wa mahindi ni wanga, na unga wa wimbi na mtama haupishani nao sana. Kinachopandisha sukari zaidi ni ukubwa wa kipande.

Pakua hivi

• Nusu ya sahani: sukuma wiki, managu, terere au kabeji.
• Robo: mayai, omena, samaki, kuku au nyama.
• Robo iliyobaki: ugali, wali au chapati.

Maharagwe na ndengu zina protini na wanga pia. Ukizila, punguza ugali zaidi. Chai inywe bila sukari.

Tahadhari

Ikiwa unadungwa insulini au unameza vidonge vya glibenklamidi, zungumza na mhudumu wa kliniki kabla ya kubadilisha chakula. Kipimo cha dawa kilipangwa kulingana na ulivyokuwa ukila. Wanga ukipungua na dawa ibaki vile vile, sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Dalili zake ni kutetemeka, jasho, njaa ya ghafla na kuchanganyikiwa.

Ukipima na kupata chini ya 4, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, unywe, kisha upime tena baada ya dakika 15. Aliyezirai asipewe chochote mdomoni, akimbizwe hospitalini.

Usiache dawa wala kujipunguzia mwenyewe. Wajawazito, watoto na wenye ugonjwa wa figo wapate ushauri wa daktari kwanza. Uendapo kliniki, beba daftari lenye vipimo vyako na orodha ya unavyokula.