Kompyuta Inaposoma Tamko la Benki Kuu

Mkulima wa tangawizi wa Mamba Miamba, katika Milima ya Upare wilayani Same, huenda hajapata kusoma tamko la Benki Kuu ya Tanzania. Hata hivyo, akikopa fedha benki ili anunue mbegu, riba atakayotozwa yaweza kuathiriwa na uamuzi uliomo katika tamko hilo. Ndiyo maana wachumi hulichambua neno kwa neno. Siku hizi baadhi yao husaidiwa na modeli za lugha, yaani programu za kompyuta zilizojifunza, kutokana na maandishi mengi mno, namna maneno yanavyofuatana.

Njia iliyotangulia ilikuwa kuhesabu maneno: "kukua" lilipewa alama ya heri, na "kupungua" alama ya shari. Njia hiyo hukosea upesi. Mfumuko wa bei ukipungua ni heri. Mauzo ya nje yakipungua ni shari. Tena katika Kiswahili ukanushaji umo ndani ya kitenzi chenyewe: "umepungua" na "haujapungua" zina mzizi mmoja, lakini maana zake zinapingana. Modeli ya lugha hukata maneno katika vipande, kisha hupima kila kipande kwa kuangalia vile vinavyokizunguka.

Lakini yafaa modeli iulizwe swali lililo sahihi. Januari 2024 Benki Kuu ilianza kuongoza sera ya fedha kwa kutumia riba yake, ikaiweka asilimia 5.5. Aprili mwaka huohuo iliipandisha hadi asilimia 6, ijapokuwa mfumuko wa bei ulikuwa karibu asilimia 3, chini ya lengo la asilimia 5. Julai 2025 iliishusha hadi asilimia 5.75. Modeli iliyoulizwa tu kama habari ni njema au mbaya ingeweza kujibu "njema" mwezi ule wa Aprili, isitambue kwamba mikopo ilikuwa inaelekea kuwa ghali. Swali lifaalo ni hili: je, Benki Kuu inakaza au inalegeza?

Zoezi: Wanafunzi wawili wapewe sentensi 20 za tamko moja. Kila mmoja, bila kutazama kazi ya mwenzake, aandike kando ya kila sentensi "inakaza", "inalegeza" au "haina upande". Sentensi walizotofautiana zijadiliwe na darasa zima. Pale ambapo wasomaji wawili makini hawakubaliani, jibu la kompyuta lisichukuliwe kuwa hukumu.