Uliza Agosti, uvune Novemba

Mvua za msimu wa pili zimeshika, na kuanzia Nabuyoga hadi Butula watu wako mashambani na karanga. Wiki hizi ndizo zinazoamua mavuno, kwa sababu ya ugonjwa mmoja ambao wakulima wa Tororo na Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, wameuzoea tangu enzi za wazee wao: rozeti. Mmea unadumaa na majani yanajikusanya juu ya shina. Mengine yanageuka manjano, lakini mengine yanabaki kijani kibichi, na ukitazama ukiwa barabarani unadhani shamba limestawi. Mmea ukishikwa kabla ya kutoa maua, unaweza kung'oa shina zima usipate hata ganda moja la maana. Virusi vyake huletwa na vidukari, wale wadudu weusi wadogo wanaojazana kwenye vichipukizi.

Kinga inajulikana. Panda mvua zinapoanza, usingoje jirani amalize. Panda kwa kubanana, sentimita 45 kati ya mistari na 10 hadi 15 kati ya mbegu na mbegu, maana vidukari huvutwa na udongo ulioachwa wazi. Shina likikosa kuota, rudishia mbegu mapema ili pengo lizibike. Tena tafuta Serenut zinazostahimili rozeti, zilizotoka kituo cha utafiti cha Serere, badala ya Red Beauty ambayo soko linaipenda lakini huugua upesi.

Hayo yote afisa ugani wa gombolola anayajua na atakueleza. Asichoweza kukueleza ni kama vidukari wameonekana Mulanda jana jioni. Anayekijua hicho ni mkulima aliyepanda wiki mbili kabla yako, na pengine humjui jina wala sura. Kwa hiyo msimu huu, kabla sijagusa mbolea wala dawa, ninawasihi ninyi nyote mnaosoma safu hii: ambaye bado hayumo kwenye kikundi cha wakulima cha WhatsApp, aingie kabla ya palizi la kwanza.

Ninasema hivi nikikumbuka mwaka 2017. Viwavijeshi vamizi, ambao asili yao ni Amerika, waligunduliwa Afrika Magharibi mwaka 2016, na mwaka uliofuata walikuwa tayari ndani ya mahindi ya Uganda na Kenya. Wengi waliwadhania vipekecha bua wa siku zote, wakanyunyiza dawa ileile ya zamani, tena kwa kuchelewa. Madaktari wa mimea wa mpango wa Plantwise, ule wa shirika la CABI, walikuwa na vikundi vyao vya simu Kenya na Uganda, wakitumiana picha na kuulizana kuhusu wanachokiona mashambani. Mkulima wa kawaida naye anaweza kufaidi njia hiyohiyo. Ukimkuta kiwavi kwenye moyo wa mhindi, mtazame kichwani: viwavijeshi vamizi wana alama ya rangi ya maziwa iliyo kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa manne meusi yaliyopangika mraba. Akiwa bado mdogo unamponda kwa vidole, asubuhi au jioni anapotoka kula. Akishazama ndani na kujifunika kwa kinyesi kilicho kama unga wa mbao, hata dawa ya bei ghali haimfikii vizuri. Ndiyo maana picha iliyotumwa mapema kutoka Busitema ina thamani kubwa kwa mtu wa Nabuyoga: inampa nafasi ya kukagua shamba lake wakati mdudu bado anauawa kwa mkono.

Faida nyingine haizungumzwi sana, nayo ni vifaa vya kupandia. Chukua mbinu ya kupanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi na brachiaria au majani ya tembo kuzunguka shamba. Watafiti wa ICIPE waliibuni kule Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, wakishirikiana na Rothamsted ya Uingereza, na imefika mashamba mengi ya pande zote mbili za mpaka. Inapambana na kiduha, inafukuza vipekecha bua, inapunguza viwavijeshi vamizi, na ng'ombe wa maziwa anapata majani. Wakulima wengi wameshaisikia mara nyingi. Kinachowakwamisha ni mbegu ya desmodiamu, ambayo ni adimu na ghali. Lakini aliyekwisha kuipanda anaweza kukukatia vipandikizi vya kuanzia mistari michache. Uliza kwenye kikundi, "Nani ana desmodiamu karibu na Kisoko?" na huenda ukashangaa ilivyo karibu.

Sasa, namna ya kuuliza, maana hapa ndipo vikundi vingi vinapoharibika. Mtu anatuma picha moja yenye ukungu, ameandika "shida ni nini?" Wanajibu watu kumi na dawa kumi. Ukitaka msaada, sema umepanda mbegu gani, lini, mvua imenyesha vipi, na ugonjwa umeanzia wapi shambani: pembeni, katikati, au kila mahali. Piga picha ya jani juu na chini, kisha shina, kisha shamba zima, na mdudu umpige picha kando ya sarafu ili ukubwa wake ujulikane.

Kwa mihogo, ongeza kisu. Batobato unaiona kwenye majani, yamejikunja na kuwa na mabaka. Ugonjwa wa michirizi kahawia ni mjanja zaidi, majani yanaweza kuonekana karibu mazima huku chini mizizi imekwisha kuoza. Ng'oa shina moja, ukate muhogo vipande, utazame kama kuna madoa ya kahawia yaliyokauka kama gome. Hiyo ndiyo picha ya kutuma. Na kama hujafanya hivyo, usimgawie mtu yeyote wa kikundi vijiti vya kupanda, hata kama ni shemeji yako, kwa sababu ugonjwa husafiri ndani ya vijiti hivyo. Ipo pia programu ya simu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA. Inasoma majani ya muhogo kupitia kamera, inazungumza Kiswahili, na ukishaipakua inafanya kazi bila intaneti. Itumie pamoja na kikundi, kwani mashine haimjui aliyekuuzia vile vijiti.

Kuhusu bei ninawaomba muwe waangalifu. Mtu wa Busia ya Kenya akiandika bei ya mahindi, anazungumzia gunia la kilo 90 au gorogoro, ambayo ni kama kilo 2. Wa Tororo anazungumzia kilo, au gunia la 100. Halafu kuna shilingi mbili, ya Kenya na ya Uganda. Nimeona watu wakisafirisha mzigo kwa furaha ya bei iliyosomwa vibaya, wakarudi wamelipa usafiri tu. Geuza kila bei iwe ya kilo moja, kisha uibadilishe kwa kiwango cha siku hiyohiyo cha wabadilishaji fedha wa mpakani, utoe nauli na ushuru, ndipo uamue. Linganisha pia na bei za RATIN, mtandao wa taarifa za soko wa Baraza la Nafaka la Afrika Mashariki.

Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, ile aflatoksini. Malori yakakwama Busia na Malaba. Siku chache baadaye, tarehe 10, zuio likaondolewa kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, mzigo uwe na cheti, na sumukuvu isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Katika siku kama hizo kikundi kinaweza kukuokoa au kukuangamiza. Aliyepokea uvumi kwamba mpaka umefungwa moja kwa moja angeuza kwa bei ya kutupa. Aliyetumiwa picha ya barua yenyewe angengoja. Kwa hiyo kila kikundi kiweke kanuni hii: habari ya serikali iende na barua yake, na asiye na barua asitume.

Kuhusu dawa msimamo wangu ni mkali. Usichanganye dawa mbili kwa sababu mtu usiyemjua ameandika "mimi zilinisaidia". Soma kibandiko, au mpelekee afisa ugani chupa yenyewe. Na usimtumie yeyote pesa ya mbegu kwa simu kabla hujaona mbegu au duka. Wapo wanaoingia kwenye vikundi kwa kazi hiyo tu, wanaweka picha nzuri za karanga, kisha namba inazimwa. Admini anayewaondoa watu hao bila kuwaonea haya anawatendea mema wengi.

Wengi wanaolima hapa kwetu, hasa akina mama, hawana simu ya kupokea picha, au iliyopo ni ya mzee wa nyumba na bando huisha katikati ya wiki. Hilo lisiwafungie nje. Kikundi cha akiba kinachokutana kila wiki kichague mtu mmoja mwenye simu, kimchangie bando, naye awasomee wenzake yaliyokuja na kupeleka maswali yao kwa ujumbe wa sauti. Swali likitumwa kwa Kidhopadhola au Kiteso, atakuwepo wa kulitafsiri kwa Kiswahili ili wa Nambale na wa Lumino waelewe. Kuna kikwazo kingine: Facebook ilifungwa Uganda Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, na kwa hiyo kurasa nyingi za Kenya zikawa mbali na mkulima wa Nabuyoga. Mwenye ndugu upande wa pili amwombe ampitishie yale ya maana, hasa ya bei na ya wadudu.

Wiki hii fanya mambo mawili. Andika kwenye daftari tarehe ya mvua ya kwanza na tarehe ya kupanda, kisha utume hizo mbili kwenye kikundi pamoja na jina la kijiji chako na aina ya mbegu. Halafu, siku ya kumi baada ya karanga kuota, pita shambani asubuhi, geuza vichipukizi ishirini katika sehemu tano tofauti, na utume ulichokiona, hata kama hukuona kidukari hata mmoja. Atakayepanda baada yako anaihitaji taarifa hiyo kabla ya kupima mistari yake.