Uvimbe wa Taya na Majiko ya Seli



Kwetu Nhica do Rovuma mtoto akivimba taya, wazee husema ni jino. Mtoto wa shangazi yangu alivimba hivyo. Tulimsukutulisha maji ya chumvi, tukangoja wiki tatu. Tulipomfikisha hospitali tulikuwa tumechelewa. Inna lillahi. Mimi nasoma dini, si tiba, lakini msiba ule ulinipeleka kwenye vitabu vya biolojia.

Saratani hii aliieleza Dk. Denis Burkitt wa Mulago, Kampala, mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walizunguka kwa gari maili zipatazo 10,000, wakakuta inafuata nyanda za joto na mvua, kwenye malaria nyingi, hadi Msumbiji.

Ndani ya seli mna mitokondria, majiko madogo yanayochoma chakula kwa oksijeni na kutoa nguvu. Mjerumani Otto Warburg aliona seli za saratani zinakula sukari kupita kiasi, akadhani majiko yake yameharibika. Nami nilidhani hivyo, kwamba saratani ni kitu kibovu. Sivyo. Mara nyingi majiko yake ni mazima, tena yanatunzwa. Mvuvi wa mabwawani kwetu hukata kipande cha wavu kilichooza ili wavu wote usiharibike. Seli nayo hutia alama jiko bovu, hulizingira, hulimeng'enya na kutumia tena mabaki yake. Seli nzima hufanya hivyo pia. Saratani imeuchukua ufundi huo huo. Na katika ugonjwa wa Burkitt jeni iitwayo MYC haizimiki, nayo huamrisha majiko mapya yajengwe. Ndiyo maana seli hizo huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Sisi tulingoja ishirini na moja!

Lakini dawa za saratani hupiga hasa seli zinazogawanyika haraka, kwa hiyo watoto wengi wanaowahishwa hupona.

Imam Ghazali, katika Ihyaa, aligawa sababu za kuondoa madhara mafungu matatu: za yakini, za dhana na za kuwazia tu. Kuiacha ya yakini, asema, si tawakkul. Kwa maoni yangu dawa hii, ikitolewa mapema, iko karibu na fungu la kwanza. Maji ya chumvi sijui niyaweke wapi.

Shangazi siku hizi akiona mtoto ana taya iliyovimba na magego yanayolegea, hamngojei mtu. Humfunga mgongoni wakaondoka asubuhi ile ile.